Tumechanga laki nane kwa shule yetu ya msingi Buguruni, tununue nini?

Kijana wa Malapa:
Wakuu, salaam. Grupu letu la waliomaliza la saba limechanga laki nane kusaidia shule tuliyosoma. Nusu wanataka mabegi, wapige na picha na watoto. Wengine geti lipakwe rangi. Nimepita pale juzi: awamu mbili, asubuhi na mchana, dawati moja wanabanana wanne. Mnaozijua shule za uswahilini, hela hii ikafanye nini?

Mwalimu wa Zamu (Mbagala):
Rangi ya geti achaneni nayo. Michango ya lazima ilifutwa Januari 2016, na ruzuku ya serikali ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Humo humo mna vifaa, karatasi za mitihani na ukarabati. Uji na sare ni juu ya mzazi.

Ninaye kijana wa darasa la tano, hati yake nzuri kuliko yangu. Anakopi ubao mzima bila kukosea nukta. Nikifuta ubao nikamwambia haya, soma ulichoandika, ananitazama tu. Anachora yule! Mtihani wa darasa la nne alivukaje, tusiulizane, nina familia.

Huyo begi jipya halimsaidii. Mtaani wamejaa walimu wanaosubiri ajira. Mlipeni mmoja posho, akae na watoto kumi na tano wa awamu ya mchana, kwa muda wa saa moja kabla hawajaingia. Awapange kwa uwezo, asiangalie darasa: wa silabi kivyao, wa maneno kivyao. Ba be bi bo bu wanaiimba hata usingizini, wanakwama kwenye nywa, mbwe, ng'o. Anzeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Na mzazi asidaiwe hata mia, ikishageuka tuisheni mmewapoteza walewale mliowafuata.

Mama Zai, Kigogo:
Mwalimu sikupingi, ila na uji. Wangu wa mchana anaondoka na chai ya rangi tupu. Shuleni kikombe mia mbili, ninao watatu, na siku maandazi yakidoda hawanywi. Sasa mtoto ana njaa, hiyo ng'o ataisomea wapi?

Kijana wa Malapa:
Posho kiasi gani, mwalimu?

Mwalimu wa Zamu (Mbagala):
Laki na nusu kwa mwezi hakatai. Miezi minne ni laki sita. Inayobaki unga na sukari, dada Mama Zai yuko sahihi.

Mama Zai, Kigogo:
Kumi na tano wanywe, wengine wanaangalia? Hiyo vita utaiweza?

Mwalimu wa Zamu (Mbagala):
Saa hizo wa asubuhi wako darasani, wa mchana wengine hawajafika. Maneno yatakuwepo tu. Madarasa yakijaa, kaeni chini ya mwembe, ubao wa kuegesha unatosha.

Kijana wa Malapa:
Naipeleka kwenye grupu leo usiku. Wa geti watanuna.