Funga ya sita za Shawwal: mtu hupata faida gani nafsini mwake?

Muulizaji, Tanga
Assalamu alaykum ndugu zangu. Idi imepita na nimetia nia ya kufunga siku sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani. Fadhila yake ninaifahamu: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kufunga Ramadhani kisha akaifuatishia sita za Shawwal huwa kama aliyefunga mwaka mzima, kwa kuwa jema moja hulipwa kwa kumi, na siku 36 mara 10 ni 360. Ninachotaka kuelewa ni kile kinachobadilika ndani ya mtu. Katika Ramadhani mtaa mzima hufunga, na ikifika magharibi kila nyumba ina futari. Sasa nitafunga peke yangu, na ofisini chai ya saa nne huletwa mezani pamoja na maandazi. Wenye uzoefu wameona nini?

Bint Mvita
Wa alaykumus salaam. Nadhani jibu limo katika hiyo hiyo chai ya saa nne. Katika Ramadhani mtu huona haya kula mbele za watu, kwa hiyo ni vigumu kujua kwa hakika anajizuia kwa ajili ya nani. Katika Shawwal hakuna atakayekulaumu ukila. Ukishukuru kwa upole na kuendelea na kazi yako bila kutangaza kwamba umefunga, ndipo utakapoonja maana ya hadithi qudsi (maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume) isemayo kuwa funga ni ya Mwenyezi Mungu na Yeye ndiye atakayeilipa. Mimi nauza vitambaa vya kukata kwa mita, na mteja hawezi kuona kila mara kidole changu kimeanzia wapi kwenye kipimo. Tangu nizoee funga za sunna, yaani zisizo za lazima, naona mkono wangu umekuwa mwaminifu zaidi pale ambapo hakuna anayeutazama, na faida hiyo kwangu ni kubwa kuliko wepesi wa mwili unaosifiwa sana.

Mzee wa Pangani
Bint Mvita amesema kweli. Niongeze habari ya ulimi, kwani Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji; kwa hiyo anayeshinda na njaa huku akisengenya barazani amejichosha bure. Siku hizo sita za Shawwal si lazima zifuatane. Kina dada wenye deni la siku za Ramadhani ambazo hawakufunga, wanazuoni wengi huona ni bora walipe kwanza. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya kuanza. Funga hii ni ya sunna, asijidhuru kwayo.

Mkatoliki, Morogoro
Ndugu zangu, nimesoma kwa heshima. Nasi kila Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, husomewa Injili ya Mathayo sura ya 6, ambamo Yesu anamwagiza anayefunga ajipake mafuta kichwani na kunawa uso, ili watu wasimtambue. Isaya sura ya 58 huenda mbali zaidi, kwa kuwa hapo saumu anayoitaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo katika Kwaresima nyumbani kwetu fedha ya mlo tulioacha huwekwa kando siku hiyo hiyo, kabla haijapata matumizi mengine, kisha hupelekwa kwa jirani mwenye uhitaji. Muulizaji, fedha ya chai yako ya saa nne kwa siku hizo sita umepanga kuipeleka kwa nani?