Naomba ushauri: mdogo wangu anamwiga Denzel wa Training Day tu, nimwonyeshe zipi za mwanzo?

Mlinzi wa Rimoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nimepekua nyuzi za zamani humu nikakuta ni ubishi tu wa nani mkali zaidi kati ya Denzel Washington, yule mwigizaji wa Marekani, na fulani, nikaona bora nifungue wangu.

Nina mdogo wangu wa kiume, kajiunga na kikundi cha maigizo na kazi hii anaitaka kweli. Shida yake ni kwamba mwalimu anaye mmoja tu duniani, naye ni Alonzo, yule polisi fisadi anayechezwa na Denzel kwenye Training Day (2001). Akipewa uhusika wa mwenye nyumba anayedai kodi, anakuja Alonzo. Akipewa mchungaji, anakuja Alonzo kavaa joho. Mabega yanayumba, kicheko kinatangulia kitisho, na sauti iko juu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Usaili unakaribia. Nikimwambia Denzel hakuanza hivyo, ananijibu kwamba hizo ni picha za wazee.

Mimi ni mgonjwa wa Denzel wa kabla ya Malcolm X (1992). Yule ambaye bado jina lake halijatosha kubeba bango peke yake, anapewa nafasi ya tatu au ya nne, halafu picha ikiisha unajikuta unamzungumzia yeye. Kwa maoni yangu kilichompa ufalme ni kusikiliza. Mtazameni kwenye A Soldier's Story (1984). Ni kambi ya jeshi Louisiana, mwaka 1944, Sajenti Waters kauawa na kapteni mweusi kaletwa kuchunguza. Mzigo wa picha wanaubeba Howard Rollins na Adolph Caesar, na Caesar ndiye aliyeteuliwa kuwania Oscar. Denzel ni Peterson, askari wa kawaida mwenye miwani. Kwenye kipande kinachorudi nyuma kabla ya mauaji, Sajenti Waters anawashukia vijana waliotoka kucheza besiboli, Peterson yuko palepale kati ya wenzake, na ubishi unauona usoni kabla haujafika mdomoni. Mpaka anafungua kinywa, wewe mtazamaji umeshajua kwamba wawili hawa hawataishia kwenye maneno.

Sasa ushauri ninaoomba: nianze naye na ipi? Nifuate miaka kuanzia mwanzo kabisa au niruke? Na ile tamthilia ya hospitali, St. Elsewhere, niiweke au niiache? Kumbukeni huyu ni kijana asiye na subira na picha ya zamani.

---

Kiroboto

Glory. Uzi ufungwe.

---

Binti Pazia

Kaka Mlinzi, miaka usiifuate hata kidogo. Ukiifuata utaanza na Wilma (1977), picha ya televisheni ya maisha ya mkimbiaji Wilma Rudolph, ambamo nafasi yake ni ndogo na sisi mashabiki tunaikumbuka zaidi kwa sababu ndimo alimokutana na Pauletta, mkewe. Kisha utafika Carbon Copy (1981), ile vichekesho ambayo anatokea kwa bosi mzungu na kumwambia mimi ni mwanao. Hiyo ni ya sisi tulioshindikana. Mdogo wako ataizima kabla ya nusu na hutampata tena.

Nakubaliana na Kiroboto, ila sababu ninayo, maana yeye hakutoa. Watu husema Glory (1989) kwa ajili ya chozi. Mimi nasema Glory kwa ajili ya mdomo. Trip (ndiye Denzel), mtumwa aliyetoroka akajiunga na kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni mchokozi mwenye makelele. Anamwandama yule msomi Searles (Andre Braugher, na hiyo ilikuwa picha yake ya kwanza) mpaka unatamani mtu amnyamazishe. Jeshi likisema askari weusi watalipwa dola 10 badala ya 13, yeye ndiye anayeanza kupiga kelele watu wachane hati za malipo. Kwa hiyo mdogo wako atamtambua haraka, atasema huyu ni wa kwangu.

Halafu kinakuja kipande cha viboko. Trip kakamatwa nje ya kambi, wanamhesabu mtoro, kumbe alikwenda kutafuta viatu. Anavuliwa shati, na mgongo tayari una makovu ya zamani. Kanali Shaw, mzungu anayekiongoza kikosi, anayaona, anasita, lakini amri keshaitoa. Viboko vinaanza. Denzel hapigi ukelele. Anamkazia Shaw macho, kamera inabaki usoni kwake, uso unajitahidi usionyeshe kitu, na chozi moja linateremka kana kwamba limemponyoka. Yule mropokaji sasa kanyamaza, na ndiyo maana kimya kile kinauma. Kama angekuwa mpole tangu mwanzo, kingepita bure. Akapewa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 1990 na sijasikia mtu akilalamika.

Kwa hiyo usimwambie mdogo wako makelele ni mabaya. Mwonyeshe yanakopelekwa.

---

Kobe Mzembe

Dada Pazia umeeleza vizuri lakini mimi nakataa. Kijana anayeiga, ukimwonyesha chozi, ataiga chozi. Ataingia kwenye usaili na kitunguu mfukoni.

Mpe kitu kisicho na vita wala hotuba. Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin anawafukuza Wahindi, kisha tunarukia Mississippi miaka mingi baadaye, ambako Denzel ni Demetrius, mwenye kibiashara chake cha kusafisha mazulia. Basi, fundi mazulia! Hana bastola, hana cheo. Mina (Sarita Choudhury), binti wa familia ya Kihindi iliyofukuzwa, anagonga gari lake kwa nyuma na hadithi inaanzia hapo. Kuna kipande cha simu ya usiku, kila mmoja kitandani kwake, hawagusani, hawako hata nyumba moja. Hapo Denzel hana cha kushika zaidi ya mkonga wa simu. Sauti iko chini kabisa, anatabasamu peke yake, anamsubiri mwenzake amalize sentensi. Mtu akiweza hicho, Alonzo atamjia mwenyewe baadaye.

Na ugomvi upo vilevile. Demetrius anapokabiliana na baba wa Mina (Roshan Seth, naye ni hatari) anamwambia waziwazi kwamba wanafika kutoka mbali huko wakiwa weusi, wakishafika tu wanaanza kujifanya wazungu. Anajigusa shavu amwonyeshe kwamba rangi zao hazijapishana mbali. Hasira yote iko pale, na hakuna jirani anayeamshwa.

---

Tumbili Mpole

Mkuu, kabla hujamwonyesha chochote muulize kama anakubali steringi kufa. Huyu Denzel wa mwanzo ni wa kuzikwa kila mara. Cry Freedom anakufa. Glory anakufa. Kwenye Heart Condition (1990) anakufa mapema, moyo wake anapandikizwa askari mbaguzi (Bob Hoskins), halafu yeye anarudi kama mzimu kumsumbua mwenye moyo. Sijui nani aliidhinisha ile hadithi lakini nimeitazama zaidi ya mara moja na sioni aibu.

---

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Nawasalimu wote. Mwanangu Mlinzi, nimeshangaa mmefika hapa mkiitaja Cry Freedom (1987) kwa mazishi tu.

Ina ila yake, niiseme mapema. Ni picha ya Richard Attenborough kuhusu Steve Biko (ndiye Denzel), mwanaharakati mweusi aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, lakini Biko anakufa kama katikati, kisha inageuka kuwa safari ya mwandishi wa habari mzungu Donald Woods (Kevin Kline) kuitoroka Afrika Kusini na familia yake. Nusu ya pili mimi huwa naitazama nikiwa nimeudhika. Ilipigwa Zimbabwe, maana kwa makaburu wakati ule isingewezekana. Denzel aliteuliwa kuwania Oscar kwa mara ya kwanza kwa picha hiyo, naye nusu ya pili karibu hayumo.

Kinachomhusu kijana wako ni kile cha mahakamani. Hakimu anamwuliza mbona mnajiita weusi ilhali rangi yenu ni kahawia, na Biko anamjibu kwamba vivyo hivyo hata weupe, anavyowaona yeye, ni wa waridi zaidi kuliko weupe. Mwigizaji mchanga angeupiga mstari huo kama ngumi, kisha angesubiri makofi. Denzel anausema kwa adabu, kama mtu anayemsaidia hakimu kuelewa. Ukumbi unacheka, yeye hachezi na kicheko kile. Alijua ushindi uko kwenye maneno yenyewe, akayaachia.

Kuhusu St. Elsewhere, usimtese nayo. Ilikwenda misimu sita, 1982 mpaka 1988. Lakini mweleze habari yake. Daktari Chandler alikuwa mmoja katika kundi kubwa la madaktari. Wiki nyingine hadithi ni yake, wiki nyingine anapita tu kwenye korido na faili. A Soldier's Story, Power na Cry Freedom zote alizifanya akiwa bado na ajira ile ya hospitali. Na Peterson mwenyewe hakuanzia kwenye kamera: Denzel alikuwa keshamcheza jukwaani na Negro Ensemble Company, kikundi cha tamthilia cha New York, tangu 1981, kama alivyokuwa Caesar na Waters wake. Ndiyo maana wale wawili wakisimama pamoja huoni mtu akitafuta pa kuweka mikono.

---

Kiroboto

Mzee umemaliza. Niongeze moja nyepesi: The Mighty Quinn (1989). Mkuu wa polisi wa kisiwani, rafiki yake wa utotoni Maubee anatuhumiwa kuua, na yeye hataki kuamini. Ilipigwa Jamaika. Hapo unamwona Denzel akifurahia kuwa Denzel kwa mara ya kwanza. Sijui kwa nini watu hawaitaji.

---

Kobe Mzembe

Hatuitaji kwa sababu lafudhi inakuja na kuondoka inavyotaka.

---

Kiroboto

Wivu.

---

Mlinzi wa Rimoti

Nawashukuru sana, nimesoma yote. Dada Pazia, hoja ya Trip kuwa mropokaji imenigusa, sikuwahi kuifikiria hivyo. Ila Kobe naye kanitia wasiwasi na kitunguu chake, maana huyu kijana namjua, chozi atalichukua siku hiyohiyo.

Mzee shikamoo. Hiyo ya kuanzia jukwaani itamwingia, kwa sababu naye anadhani jukwaa ni mahali pa kusubiria tu.

Swali langu dogo: nitazame naye nikimwelekeza, au nimwachie?

---

Binti Pazia

Usimwelekeze. Ukisimamisha picha kila dakika kumwonyesha jicho, atakuchukia wewe na Denzel pamoja. Mtazame tu hadi mwisho, mseme kidogo, mwache alale nayo.

Kazi iwe kesho yake. Mwambie arudie ule uhusika wake wa mwenye nyumba anayedai kodi, ila akae kitini na asiruhusiwe kusimama. Mpangaji uwe wewe, umpe visingizio virefu vya ovyo. Yeye sharti lake ni moja: asijibu mpaka umalize. Mara ya kwanza atakufa kwa hamu ya kukukatiza. Mara ya tatu au ya nne utaona uso unaanza kufanya kazi wenyewe kwa sababu mdomo umefungwa. Nimeshawafanyia watu wengi jukwaani na wababe ndio wanaogeuka haraka, kwa kuwa nguvu wanayo, walikuwa wanaimwaga tu.

Chozi la Glory achana nalo kwanza. Kobe kasema kweli, ingawa sipendi kumkubalia hadharani.

---

Kobe Mzembe

Nimepiga picha ya skrini.

---

Mzee wa Kiti cha Nyuma

Marahaba. Kama utaanza na A Soldier's Story usimwambie nani muuaji, na usimwambie Denzel ni yupi. Mwache amtafute. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba na miwani inambadilisha sura.

---

Mlinzi wa Rimoti

Hiyo nimeichukua, Mzee. Basi nitaanza na A Soldier's Story bila kumwambia Denzel ni nani mle, ifuate Mississippi Masala, halafu zoezi la kiti la Dada Pazia. Glory itasubiri mpaka usaili upite. Cry Freedom nitamwonyesha mpaka mahakamani na msibani, akitaka kuendelea na safari ya Woods aendelee mwenyewe.

---

Tumbili Mpole

Na Heart Condition?

---

Mlinzi wa Rimoti

Hapana mkuu.

---

Kiroboto

Mrejesho usisahau. Na akianza kunong'ona kila mstari kama yuko kwenye simu ya usiku, wa kulaumiwa ni Kobe.