Vipimo vya Baba

Dada Mkubwa: Shikamoo Baba, shikamoo Shangazi, na habari zenu wote humu kwenye kundi letu la familia. Daktari ameridhia Baba apimwe nyumbani, na vipimo vyake vya shinikizo la damu na uzito vimfikie muuguzi wa kliniki kila asubuhi kupitia simu. Tukubaliane leo nani atafanya nini, maana mashine hutuma namba tu.

Mdogo: Nimeona shinikizo la 168 kwa 94 la jana nikaogopa sana.

Kaka: Ile ilipimwa vibaya. Mkanda wa mashine ulifungwa juu ya shati, naye Baba alikuwa akizungumza. Nilipomketisha kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu na mkono usiofunikwa na nguo ukilala mezani usawa wa moyo, tulipata 138 kwa 84.

Shangazi: Marahaba, wanangu. Mizani ni ya nini, na kaka yangu hana unene?

Dada Mkubwa: Shangazi, hatutafuti unene. Moyo uliodhoofika kama wa Baba usiposukuma damu ipasavyo, figo huzuia chumvi na maji, na mara nyingi maji hayo huonekana kwenye mizani siku kadhaa kabla miguu haijavimba au pumzi haijaanza kubana. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, muuguzi apigiwe siku hiyo hiyo, hata kama Baba anasema yu mzima, na sote tunajua atasema hivyo. Apimwe kila asubuhi akitoka msalani, kabla ya kula.

Mdogo: Na usiku, nani anazitazama namba hizo?

Dada Mkubwa: Hakuna, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kliniki huzisoma saa za kazi pekee. Kaka, wewe unayeishi naye, ukiona 180 kwa 120 au zaidi, mpumzishe kidogo kisha umpime tena. Isiposhuka, mpigie daktari papo hapo. Kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, mkimbize hospitali bila kusubiri jibu la yeyote.

Kaka: Nimeelewa, Dada. Nikisafiri nitamwachia Mdogo zamu, tena kwa kumwambia kwa mdomo.

Baba: Marahaba. Nimesoma yote na ninakubali kupimwa. Ila namba zangu ziende kwa muuguzi na kwenu ninyi watatu. Zisiwekwe tena humu kundini.

Mdogo: Sawa, Baba. Picha ya namba za jana naifuta sasa hivi.