Mjadala: Manukuu ya video yawe ya kudumu, au ya kuwashwa na kuzimwa?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: je, wanaotengeneza video za mambo ya umma, yaani afya, kilimo, elimu na matangazo ya halmashauri, wawe na wajibu wa kuandika maneno yanayosemwa juu ya picha yenyewe, yasiweze kuondolewa, au wamwachie kila mtazamaji awashe manukuu anapoyahitaji? Mchangiaji aliyenitangulia amesema kwamba maandishi ya kudumu humlazimisha kila mtu kusoma asichokihitaji, tena huziba picha. Ninamheshimu kwa hoja hizo, na ya pili nitairudia. Hata hivyo, kwa jinsi video zinavyosafiri hapa Tabora, ninaamini kwamba maandishi ya kudumu ndiyo pekee yanayofika kwa mwenye kuyahitaji.

Manukuu ya kuwashwa na kuzimwa hayamo ndani ya picha. Ni faili la maneno lenye alama za muda, linalokaa kando ya video kwenye mtandao ilikopandishwa, na programu ya mtandao huo ndiyo inayoviunganisha viwili hivyo wakati wa kutazama. Mtu akiipakua video na kuituma kwa WhatsApp, faili la maneno hubaki nyuma. Sasa tujiulize ni wangapi kati yetu wanaoitazama video ya tahadhari ya kipindupindu pale ilipopandishwa mara ya kwanza. Huingia katika kundi la mtaa, tuseme Isevya, ikatoka hapo kwenda kundi la kikoba, ikamfikia shangazi aliyeko Sikonge, naye akaiweka kwenye status ili majirani waione. Katika safari yote hiyo picha imefika na sauti imefika, lakini manukuu yaliachwa kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Mdogo wangu ni kiziwi, na kazi yake ni ufundi cherehani. Mara kwa mara hunionyesha video aliyotumiwa na mteja na kuniuliza kwa alama huyu anasema nini, nami humweleza. Ninamweleza kwa moyo wote, lakini mtu mzima mwenye mke na watoto hapaswi kunisubiri nitoke kazini jioni ndipo ajue kwamba maji ya kunywa nyumbani kwake yanatakiwa kuchemshwa. Jambo hili linaniuma zaidi ninapokumbuka kwamba shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa hapa hapa Tabora, mwaka 1963. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 21 ya mkataba huo inazitaka nchi kuvihimiza vyombo vya habari, wakiwamo wanaotoa taarifa kwa njia ya intaneti, vifanye huduma zao zifikike kwa watu hao. Wala tusidhani kwamba tunawazungumzia waliozaliwa viziwi tu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya robo ya watu waliozidi umri wa miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaowatatiza maishani. Kila ukoo una mzee wa namna hiyo, ambaye huitikia kwa kichwa ilhali hakusikia neno.

Upo upinzani ninaoukubali bila kusita: maandishi hayachukui nafasi ya mkalimani. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili kwa viziwi wengi, na wapo ambao hawakupata shule ya kuwafundisha kukisoma vizuri. Kwa hiyo penye mkalimani abaki, na maandishi yapangwe mahali ambapo hayafuniki mikono yake wala uso wake. Hapo ndipo hoja ya kuziba picha ina uzito wa kweli.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya msimamo wangu, ambayo nashangaa haijatajwa, ni ya makosa. Manukuu yaliyo kwenye faili la kando yanaweza kusahihishwa kesho, lakini yaliyomo ndani ya picha yakishatumwa hayarudi. Katika Kiswahili silabi moja inatosha kuleta madhara, kwa sababu ukanushi wetu umejificha ndani ya kitenzi: “mtumie dawa hii” na “msitumie dawa hii” vinatofautiana kwa “si” tu, na mashine inayoandika kwa kusikiliza, ikikutana na msemaji wa haraka au upepo kwenye maikrofoni, inaweza kuidondosha silabi hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuiachia mashine video fupi ya ufugaji nyuki, na katika kuisoma nikakuta onyo la kutokukamua masega machanga limegeuka kuwa agizo la kuyakamua. Niliisahihisha kabla haijatoka, lakini tangu siku hiyo siruhusu video yoyote ipite kabla ya mtu wa pili, ambaye hakuyaandika maneno hayo, kuyasoma huku akisikiliza. Ninapendekeza pia tarehe iandikwe kwenye kona ya picha, maana video ya tahadhari huzunguka miaka mingi, na mtazamaji ana haki ya kujua kwamba maelekezo anayoyasoma ni ya zamani.

Kuhusu wenye uoni hafifu, ni kweli kwamba maandishi yaliyomo kwenye picha hayakuzwi, na programu za kusoma skrini haziyaoni. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unakubali manukuu ya aina zote mbili, na sioni kwa nini tuchague moja: maneno yakishaandikwa, kuyahifadhi pia kama faili kwenye mtandao wa asili ni kazi ndogo. Kwa yale ya kudumu, herufi ziwe nene, nyeupe juu ya mkanda mweusi, kwa sababu WhatsApp huibana video na herufi nyembamba hugeuka ukungu. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mistari isizidi miwili, tena isishushwe chini kabisa ambako vitufe vya TikTok vitaifunika.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza moyoni. Katika video za nyuki tunawarekodi wazee wanaozungumza Kinyamwezi, na humo mzinga wa gome, aina ya maua na hatua za kurina kila kimoja kina jina ambalo halina mwenzake wa Kiswahili. Manukuu ya kuwashwa yangeweza kubeba lugha zote mbili, kila mtu akachagua yake, ilhali ya kudumu hayana nafasi isipokuwa kwa moja. Mpaka sasa mimi huandika Kiswahili na kuyaacha majina hayo ya Kinyamwezi kama mzee alivyoyatamka, hata kama msomaji wa Tanga hatayaelewa mara moja. Ninaomba wazungumzaji wa Kinyamwezi waliomo katika mjadala huu waseme kama hilo linawatosha, au kama wangependa maneno ya mzee yaandikwe yote kwa lugha yake.