Je, Bukavu inahitaji saraka yake, au injini za kutafutia zatosha?

Mtoa hoja, Ibanda

Ndugu wasomaji, baadhi ya wafanyabiashara wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanapendekeza kwamba vyama vyao vichangie saraka ya mtandaoni itakayoorodhesha maduka, mafundi na famasi za Bukavu kwa vitengo. Wengine wanapinga, wakisema kwamba mwenye simu huandika maneno mawili matatu kwenye Google akapata jibu. Mimi naunga mkono saraka.

Injini ya kutafutia haimjui mtu wala duka. Inazijua kurasa tu. Programu zake hupita kutoka kiungo hadi kiungo, hunakili zinachokikuta na kukiweka katika faharasa, na mtu anapouliza, majibu hupangwa kwa vipimo ambavyo kimojawapo ndicho kilichoipa sifa Google tangu Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha mwaka 1998: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine zenye uzito huhesabiwa kuwa bora. Utaratibu huo unafaa sana pale kurasa zilipo. Lakini fundi wa friji wa Kadutu hana ukurasa, hakuna anayemwekea kiungo, na kibao chake kinasema kwa Kifaransa « Froid et climatisation », yaani ubaridi na viyoyozi, ilhali mama mwenye friji iliyokufa anaandika kwa Kiswahili «fundi wa friji Bukavu» na kuletewa mafundi wa Dar es Salaam. Mhariri wa saraka angefika mlangoni, angeona kazi, angeandika jina la fundi kwa lugha zote mbili.

Jibu, Kadutu

Kwa heshima, ndugu yangu, historia haiko upande wako. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyotungwa na Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye ilizitoza tovuti za biashara dola 299 ili zikaguliwe tu, bila ahadi ya kukubaliwa, na mwishoni mwa 2014 saraka ilifungwa. DMOZ, saraka nyingine ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1998, ilitegemea maelfu ya wahariri wa kujitolea, nayo ikafungwa mwezi Machi 2017. Ikiwa hao wote hawakuweza kwenda na mwendo wa mtandao, sisi tutaweza kwa nguvu gani?

Tena kuna suala la vitengo. Kibanda kimoja cha hapa sokoni kinauza kadi za simu, kinatuma na kupokea pesa, kinachaji betri na kupiga picha za pasipoti, utakiweka wapi? Yahoo ilipopatwa na shida hiyo iliweka alama ya @ kando ya jina la kitengo kilichokuwa na makao yake mahali pengine, na msomaji akaendelea kuzunguka. Mkiorodhesha kwa alfabeti, mwakani maduka yote ya Nyawera hapa mjini yataitwa Amani ili yatangulie. Na mhariri ni binadamu: atakayemletea madesu ya bana, yaani hongo, ndiye atakayeandikwa vizuri. Mwenye duka anaweza kujiandikisha bure kwenye ramani ya Google, hiyo yatosha.

Mtoa hoja

Hiyo ramani unayoisifu, ambamo mwenye duka hujaza jina, saa za kazi na kitengo chake, ni saraka. Google hiyo hiyo ilionyesha saraka iliyotokana na DMOZ kuanzia mwaka 2000 hadi 2011. Kwa hiyo hatubishani tena kama mashine inahitaji orodha iliyojazwa na watu, bali ni nani anayejaza na nani anayehakiki. Yahoo na DMOZ zilijaribu kuorodhesha mtandao wa dunia nzima; sisi tunazungumzia komuni tatu za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira, ambazo mtu hutembea kwa miguu. Kuhusu madesu, nakubali kwamba hatari ipo, ingawa injini nazo huuza nafasi za juu kwa matangazo.

Mchangiaji, Bagira

Mimi sina upande, ila naomba waanzilishi watujibu jambo moja kabla ya kukusanya hata franka. Namba za simu hubadilika na maduka huhama ploti. Injini hurudi yenyewe kukagua kurasa, saraka hairudi popote mpaka mtu atumwe. Kila jina liandikwe pamoja na tarehe lilipohakikiwa mara ya mwisho, na lisilohakikiwa kwa miezi sita liondolewe. Je, nauli na mshahara wa huyo mhakiki vitatoka wapi mwaka wa pili, michango ya kwanza ikiisha?