Kumzika Mtakatifu Yosefu ili nyumba iuzike: mlioko Marekani, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kibosho

Wakuu, salaam. Niko Minnesota, mwaka wa 14 huu. Nyumba yangu iko sokoni tangu Agosti, leo ni Novemba 9, na aliyeonyesha nia ni mmoja tu, naye shida yake ilikuwa kujua kama friji linabaki. Kazi nimeshapata jimbo jingine. Kodi ya kule nalipa, mkopo wa huku nalipa. Usingizi wangu mnaweza kuukisia.

Jumamosi dalali wetu, mama wa makamo, Mkatoliki ambaye babu zake walitoka Poland, akaniletea kijiboksi. Kufungua, namkuta Mtakatifu Yosefu wa plastiki, rangi ya maziwa, urefu wa kidole changu cha kati, sura haieleweki kama anatabasamu au anasinzia. Chini yake kadi ya sala na karatasi ya maelekezo: chimba karibu na kibao cha "Inauzwa", mtumbukize kichwa chini miguu juu, uso uielekee nyumba, fukia, kisha sali kila siku. Nyumba ikiuzika mfukue, umpe mahali pa heshima kwenye nyumba mpya.

Nilidhani ananitania. Kumbe huku ni jambo la kawaida kabisa, viboksi hivyo vinauzwa hadi mtandaoni, na wanunuzi si Wakatoliki peke yao. Mimi nimetumikia altareni tangu darasa la tatu na sijawahi kusikia kitu kama hiki. Kwetu ukikuta kitu kimefukiwa uani kichwa chini, huligusi tena jembe, unaita wazee.

Kuna aliyefanya? Iliuzika? Waliojuta nao waseme. Anayetaka kutukana dini za watu apite kimyakimya.

Kaka Houston

Mkuu, mimi nilimzika. Udongo wa huku ni mfinyanzi mtupu, kiangazi unakuwa kama tofali, nilichimba kwa bisibisi. Siku ya 11 tukapata ofa. Mke wangu aliimba mpaka majirani wakatoka nje.

Sasa niseme ukweli wote maana hapa hakuna anayenijua: wiki ileile niliyomzika, nilishusha bei dola 15,000. Sifa zote kachukua Yosefu. Hasara nimebaki nayo mimi.

Dada wa Lowell

Jameni, nyinyi mna bahati ya uwanja. Mimi niko Lowell, Massachusetts, na tulikuwa tunauza fleti ghorofa ya tatu. Nimzike wapi, kwenye zulia? Mwenzangu kazini akanishauri nimtie kwenye chungu cha maua. Maua sina, nilikuwa na ndoo ya sukuma wiki hapo kwa baraza. Nikamzamisha humo, nyayo zake mbili ndogo zikabaki zimechungulia kwa sababu mizizi ilimkataa.

Siku watu wamekuja kutazama, kuna mama na mtoto wake wa kama miaka minne. Mimi niko jikoni naeleza habari ya bomba, mtoto anaingia amemshika Yosefu miguu, udongo unadondoka kwa sakafu niliyoipiga deki asubuhi. "Mama, kuna mtu kwa mboga!"

Hawakununua. Tuliuza baada ya miezi miwili, kwa jamaa ambaye hata baraza hakutoka kuiona. Yosefu nilimwosha, yuko kwa dirisha la jikoni hadi leo. Kusema kweli namwonea haya kidogo.

Fundi Chanika

Wakuu, msizunguke mbuyu. Hilo ni FINGO. Kitu kinafukiwa ardhini, kina masharti yake, kinaelekezwa upande fulani, na kina kazi ya kufanya. Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Wazungu wameweka boksi na kadi tu.

Mwaka juzi tulikuwa tunachimba msingi wa mteja huku kwetu. Futi mbili chini, kijana wangu akaibua chupa ya soda ya zamani, imefungwa kitambaa chekundu mdomoni. Vijana wote wanne wakatoka shimoni bila kuaga. Mwenye kiwanja akaleta shehe, kesho yake akaleta mchungaji, akaona haitoshi akaleta mzee mmoja kutoka kijijini kwao. Siku tatu hakuna kazi na posho nililipa mimi.

Sasa fikirieni Mchaga ananunua nyumba huko Minnesota, anapanda nyanya, anaibua mtu mdogo mweupe kasimama kwa kichwa.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, nimesoma yote, na ya sukuma wiki nimeicheka ingawa haikupasa.

Jambo hili lina mzizi, ila mti wenyewe umepinda. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Teresa wa Avila na masista wake, walipokuwa wanahangaika kupata ardhi ya monasteri, walizika medali za Mtakatifu Yosefu. Monasteri yake ya kwanza ya mwaka 1562 aliipa jina la Yosefu huyohuyo, na kwenye maisha yake aliyoyaandika mwenyewe anasema hakumbuki kuwahi kumwomba kitu akanyimwa. Kuna pia André Bessette wa Montreal, bruda bawabu, amefungulia watu mlango wa shule karibu miaka 40. Wenye ardhi ya Mlima Royal walikuwa hawataki kuuza, naye husimuliwa kwamba alidondosha medali za Yosefu kule mlimani. Mwaka 1896 shirika lake likaipata. Kikanisa cha kwanza kikajengwa 1904, sasa pale kuna basilika kubwa, na André alitangazwa mtakatifu mwaka 2010.

Angalieni vizuri: hao walizika medali, si sanamu kichwa chini. Na walikuwa wanatafuta ardhi ya kumtumikia Mungu, hawakuwa wanaikimbia. Ibada hii ya Wamarekani haimo kwenye kitabu chochote cha liturujia. Katekisimu namba 2111 inasema kuitegemea nguvu ya sala au ishara kwa tendo la nje tu, bila moyo ulio ndani, ni kuangukia ushirikina. Kumgeuza mtakatifu kichwa chini ni kumbana: nipe au ubaki hivyohivyo. Brazil nako wasichana wanaotafuta mume humgeuza Mtakatifu Antoni miguu juu hadi mchumba apatikane. Huko si kuomba, ni kumteka mtu nyara.

Kaka Houston

Katekista, shikamoo. Papa Fransisko si alikuwa na sanamu ya Yosefu aliyelala, akiwa na shida anaandika kikaratasi anakiweka chini yake? Alisimulia mwenyewe Manila, Januari 2015. Sasa karatasi chini ya sanamu na sanamu chini ya udongo, tofauti iko wapi?

Katekista Mstaafu

Marahaba. Tofauti ni kwamba Papa alimwacha mzee wa watu alale.

Mwana wa Mji Mkongwe

Mimi Muislamu, nimekulia Unguja hatua chache kutoka Minara Miwili, na kanisa lile ni la huyohuyo Yosefu wenu, kwa hiyo nina haki ya ujirani kuchangia.

Sisi tunaye Nabii Yusuf, mwingine huyo, mtoto wa Yaakub. Ndugu zake walimtumbukiza kisimani, kisha akauzwa kwa dirhamu chache. Nyie mnamtumbukiza Yosefu shimoni, inauzwa nyumba. Hawa kina Yusuf biashara ya mashimo imewaandama.

Mama Pacha

Mimi yangu ni ya kulia na kucheka. Tuliuza nyumba Ohio, nilimzika Yosefu siku ya Jumatano maana niliambiwa Jumatano ni siku yake. Wiki ya sita ikauzika. Mume wangu hakujua chochote, yeye ni Mlokole.

Usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi funguo, nikakumbuka sijamfukua. Majembe yote yameshaingia kwenye lori. Saa kumi na moja alfajiri niko uwanjani na kitenge juu ya koti, nachimba kwa mwiko wa ugali. Na kibao dalali alishakisogeza, sijui alama yangu iko wapi. Shimo la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu mfupa, sijui wa kuku wa nani. Shimo la tano mwiko ukagonga kitu, nikasikia "ta". Nimemkata shingo.

Mume akawa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akaniangalia, akaangalia mashimo, akasema, "Sitaki kujua." Tukapanda gari.

Kichwa kiko kwenye pochi yangu hadi leo, kiwiliwili kwenye droo. Katekista, nifanyeje? Alikuwa amebarikiwa na padre.

Katekista Mstaafu

Binti yangu, kitu kilichobarikiwa kikiharibika hakitupwi jalalani. Utaratibu wa miaka mingi ni kukichoma au kukizika kwa heshima. Kwa hiyo mzike. Safari hii kihalali, na amelala chali.

Dalali wa Dallas

Nauza nyumba huku Texas mwaka wa tisa sasa, wateja wangu wengi ni Wakenya, Wakongo na Watanzania. Naomba niongee kibiashara, dini nawaachia wenyewe.

Nimeona sanamu hizi zikizikwa pande zote za uwanja. Mmoja anasema uso uelekee nyumba, mwingine anasema uelekee barabara, na kuna aliyeniapia kwamba ukikosea upande itauzika nyumba ya jirani. Mwaka 2021 riba ya mkopo wa nyumba ilikuwa karibu asilimia 3, watu walikuwa wanagombania nyumba hata paa likiwa linavuja. Oktoba 2022 ikapita asilimia 7. Mnunuzi yuleyule, mshahara uleule, ghafla nyumba ile haimudu. Hapo hata mngezika kanisa zima na mnara wake.

Mtoto wa Kibosho, nijibu mambo matatu. Bei umelinganisha na nyumba zilizouzwa mtaani kwako miezi mitatu iliyopita, au umeweka bei ya moyoni? Picha zilipigwa na mpigapicha au na simu ya mwanao? Na la mwisho usikasirike: siku watazamaji wanakuja, mnapika nini? Nina mteja aliyemzika Yosefu kwa unyenyekevu mkubwa, akasali na rozari, halafu asubuhi ya watazamaji wakakaanga sangara. Watu waliingia na kutoka kama mlango wa benki. Pazia linahifadhi harufu siku nne.

Mtoto wa Kibosho

Wakuu, leo ni Desemba 3, narudi na mrejesho kama ilivyo desturi.

Sikumzika. Si kwa sababu ya Katekista, ingawa namheshimu sana. Nilimpigia mama Kibosho nimsimulie kama kichekesho. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza, "Baba yako aliitwa nani?" Wakuu, marehemu baba aliitwa Yosefu. Kiukweli sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Akaendelea: "Baba yako tulimlaza pale mgombani, pembeni ya babu yako. Tangu siku ile nani amethubutu kulitaja lile shamba kwa mnunuzi? Mtu analazwa ardhini ili ardhi isiuzwe. Wewe unamfukia Yosefu ili uuze, tena kichwa chini. Nani amekufundisha?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni dalali. Akasema, "Mwambie dalali amfukie baba yake."

Basi Yosefu nimemsimamisha dirishani jikoni, kama yule wa Lowell, miguu chini kichwa juu, anakitazama kibao. Jioni watoto wakimaliza kula tunamsalia sala fupi, ya kwenye kadi tumeiacha. Ardhi yenyewe imeshaanza kuganda, hata ningetaka ningehitaji sururu.

Dalali wa Dallas, umenikamata kwenye bei. Ilikuwa ya moyoni. Nimeshusha dola 12,000 na picha zimepigwa upya. Nyumba bado haijauzika, lakini kuna familia ya Wahmong (kabila lenye asili ya Asia) kutoka Saint Paul waliitazama juzi, na Jumapili wanarudi mara ya pili wakiwa na bibi yao. Mke wangu ametangaza kwamba hadi Jumapili jioni hakuna samaki wala dagaa, na maharage yanachemshiwa gereji.