Defender 110 300Tdi: nifunge transfa ya Discovery ili nipunguze mafuta? Naombeni ushauri

Chumvi_ya_Simanjiro:

Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover Defender 110 (One Ten) ya 1997, injini ya dizeli 300Tdi, gia boksi R380, transfa (boksi la nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) LT230 iliyotoka nayo kiwandani. Ndiyo inayolisha familia. Kila wiki natoka Arusha na chumvi ya mifugo, dawa za kuogeshea na mabomba ya maji, napita KIA na Mererani, halafu naingia ndani hadi Orkesumet. Mzigo haupungui kilo 700. Mara moja kwa mwezi nashuka Dar kufuata dawa, nikienda tupu na kurudi nimejaa.

Mwezi wa nne niliitoa kwenye tairi za 235/85R16 nikaifunga 285/75R16 za meno makubwa, kwa ajili ya matope ya masika. Kwenye matope sina malalamiko hata kidogo. Shida ni mafuta. Safari ya Dar nilikuwa napata kilometa 10 kwa lita, sasa napata 9. Na nikifika spidi 100 kelele ni kubwa mno, lazima upaze sauti ndipo wa pembeni akusikie.

Fundi mmoja ananiambia dawa yake ni transfa ya Discovery, kwamba rasio yake (mizunguko inayoingia kwa kila mmoja unaotoka) ni 1.22 na ya kwangu ni 1.41. Anayo ya mtumba, anataka laki tisa pamoja na kufunga. Anadai mafuta yatapungua kwa robo. Laki tisa kwangu si hela ndogo, naomba mnisaidie kabla sijaitoa mfukoni.

Kiboko_wa_Lami:

Funga mkuu. Jirani yangu alifunga, gari inateleza yenyewe barabarani.

Ndugu_wa_75:

Mimi natumia Land Cruiser HZJ75, lita 4.2 bila tabo (turbo), kwa hiyo ya transfa ya Land Rover nawaachia wenyewe. Ninachoweza kukwambia ni habari ya difu, yaani gia za kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, maana kuna watu watakuja kukushauri ubadilishe difu badala ya transfa.

Difu ya 4.1 maana yake kraun (gia kubwa) ina meno 41 na pinioni (ndogo inayoizungusha) ina meno 10. Ya 4.3 ni 43 kwa 10. Gari yangu niliinunua kwa mtu aliyefunga tairi kubwa, akaona imekuwa nzito kuondoka, akabadilisha difu ya nyuma kuwa 4.3 na ya mbele akaiacha 4.1. Kwenye lami hakugundua kitu kwa sababu Toyota hii mbele hakufanyi kazi mpaka uingize. Mimi nikaingiza mbele kwenye njia kavu ya mawe. Baada ya mita mia mbili usukani ukawa mgumu, gari ikaanza kujivuta kama imeshikwa hendibreki, na lever ya transfa ikagoma kutoka. Ilibidi nirudi nyuma kidogo kidogo ndipo ikaachia. Difu ni mbili, ukigusa moja umegusa zote. Na Defender inavuta miguu yote minne muda wote, kwa hiyo kwako ingekuwa mbaya zaidi: difu ya katikati, ile ya ndani ya transfa, ingezunguka bila kupumzika hata kwenye lami.

Kwa hilo namuunga mkono fundi wako. Transfa ni sehemu moja tu, ukibadilisha hapo mbele na nyuma vinabaki sawa.

Fundi_wa_Sakina:

Ndugu wa chumvi, kabla ya transfa tuanze na hesabu, maana naona kuna mambo matatu umeyachanganya.

La kwanza, hiyo 9 yako si 9. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha kama sentimita 80.6. Ya 285/75R16 ina 83.4. Kila mzunguko wa tairi sasa unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 3.5, lakini dashibodi haijui, inahesabu kama zamani. Ukitembea kilometa 103.5 yenyewe inaandika 100. Kwa hiyo uliposoma kilometa 9 kwa lita, ukweli ni kama 9.3. Umepoteza mafuta, ndiyo, ila si kiasi unachodhani. Na ujue pia ukisoma 50 kijijini uko karibu na 52, trafiki akikushika na tochi usimlaumu.

La pili, kelele. Tairi kubwa zimeshusha mizunguko ya injini kidogo, hazijaipandisha. Ukiwa spidi 80 kwenye tambarare hakuna gari nyuma, kanyaga klachi sekunde mbili uache injini ishuke. Mlio ukibaki vilevile, huo ni mlio wa tairi, na hakuna transfa duniani itakayouondoa.

La tatu ndilo hilo la rasio. Difu zako ni 3.54, gia ya tano ya R380 ni 0.77. Kwa spidi 100 ya kweli, ukiwa na tairi za zamani injini ilizunguka kama mara 2,530 kwa dakika. Kwa tairi hizi ni 2,450. Ukiweka 1.22 juu yake inashuka hadi 2,120. Kwenye lami tambarare bila mzigo hiyo ni raha tupu, simkatalii aliyesema inateleza.

Lakini 300Tdi inatoa msuli wake wote, Nm 265, kwenye mizunguko 1,800. Chini ya hapo tabo haijajaa vizuri. Sasa chukua spidi 80, ambayo ndiyo spidi yako halisi ukiwa na mzigo: gia ya tano leo ni kama 1,960, uko juu ya msuli. Kwa 1.22 unakuwa 1,700. Kimlima kidogo tu cha Mwanga unarudi ya nne. Na spidi 50 ya vijijini, ambayo leo unaipita na gia ya nne kwenye 1,590, itakuwa 1,380. Injini itagugumia na kutoa moshi, utalazimika kushika ya tatu. Hebu hesabu mwenyewe kutoka Arusha hadi Segera vibao vya 50 ni vingapi. Gia ya tano unaitumia vipande vipande tu.

Kuhusu robo ya mafuta, huyo fundi hakukwambia ukweli. Kinachokula mafuta ni kazi unayoipa injini, na kuzunguka ni sehemu ndogo ya kazi hiyo. Defender ina uso wa sanduku. Ukipanda kutoka spidi 80 hadi 100, nguvu ya upepo unaousukuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na upepo huo haujali rasio yako. Ukipunguza mizunguko unaokoa msuguano wa ndani ya injini peke yake. Kuna faida, ila ni ndogo.

Swali: juu una kerieri? Na safari ya Dar unakimbia ngapi?

Chumvi_ya_Simanjiro:

Fundi, Mungu akubariki kwa muda wako. Kerieri ipo, ile ndefu ya kufunika paa lote, na huwa siivui hata nikienda tupu. Spidi ni 95 hadi 100 pale panaporuhusu. Hilo la dashibodi sikuwahi kulifikiria kabisa.

Swali langu: nikifunga 1.22, kule Simanjiro kwenye makorongo gari itakosa nguvu?

Binti_Engikaret:

Kaka, hapo nikujibu mimi kwa sababu ndiyo ninayoendesha. Ninabeba wageni na One Ten iliyorefushwa, 300Tdi kama yako, nilifunga transfa ya Discovery mwaka wa tatu huu. Tairi nilibaki na 235/85.

Kwenye L (gia za polepole zenye nguvu, H ni za kawaida za barabarani) hutapoteza chochote. Transfa zote mbili L yake ni ileile, 3.32, kinachotofautiana ni H tu. Ninapopanda kutoka Crater kwa njia ya Lerai na watu saba ndani, gia ya pili ya L, gari inapanda kama ilivyokuwa inapanda siku zote. Kwa hiyo korongo lisikutishe.

Shida iko katikati, pale ambapo si pa L na H imekuwa nzito. Mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu zamani nilikuwa naumaliza na gia ya tatu. Sasa akitokea lori mbele nashuka ya pili, na lori likisimama kwenye kona naondoka na klachi inanuka. Mwaka wa kwanza nilibadilisha klachi, na nina hakika ni kwa sababu hiyo. Nilikuja kujifunza kuondoka na L.

Upande wa pili, kutoka Arusha hadi Makuyuni ni raha. Wageni wanaongea kwa sauti ya kawaida. Mafuta nilipima miezi mitatu: kutoka 9.6 hadi 10.1 kwa lita. Haikuwa robo, lakini mimi niko kwenye lami sehemu kubwa ya wiki na sibebi chumvi. Ningekuwa na kazi yako nisingefunga.

Fundi_wa_Sakina:

Dada amesema jambo ambalo wenye Defender wengi hawalijui, naomba nilifafanue. Kwenye LT230, L na loki ya katikati (inayofunga difu ya katikati) ni vitu viwili tofauti. Lever ikienda mbele na nyuma inachagua H au L, ikienda pembeni inafunga loki. Unaweza kuwa kwenye L bila loki, hata juu ya lami, na hakuna kinachojikaba kama ilivyomkuta ndugu wa 75. Kwa hiyo ukiwa na mzigo mlimani ondoka na L gia ya pili au ya tatu. Gia ya tatu ya L inakaribiana sana na gia ya kwanza ya H ya transfa ya Discovery. Hufanyi makosa yoyote, gari iliundwa hivyo.

Na kwa atakayeamua kununua transfa ya mtumba, usiamini mdomo wa muuzaji wala kibandiko. Ikiwa chini sakafuni, weka H, funga loki ya katikati, kisha zungusha upande wa kuingilia huku mwenzako anahesabu mizunguko ya fulenji ya nyuma (sahani inapofungwa propela). Fulenji ikimaliza mizunguko 10, wewe utakuwa umezungusha 14 na kidogo kama ni 1.41, au 12 na kidogo kama ni 1.22. Ukisahau kufunga loki, fulenji ya mbele inaweza kusimama na ya nyuma ikazunguka mara mbili, na hesabu yote imeharibika. Nimeona watu wakinunua 1.41 mara ya pili kwa kosa hilo. Utahamisha pia hendibreki na sehemu ya kebo ya spidi kutoka kwenye transfa yako, za Discovery hazifanani na zako.

Swali la mwisho, ndugu wa chumvi: ukiachia mafuta na kukanyaga tena, unasikia "tak" katikati ya gari?

Chumvi_ya_Simanjiro:

Naam fundi, tena sana. Fundi wangu alisema ni kawaida ya Land Rover kuzeeka.

Fundi_wa_Sakina:

Inaweza kuwa propela (shafti ya kwenda kwenye difu), inaweza kuwa difu. Lakini kwenye R380 kuna ugonjwa unaojulikana: meno ya shafti ya gia boksi pale yanapoingia kwenye gia ya transfa. Gia za zamani hazikuwa na tundu la kupitishia oili, meno yakawa yanasagana makavu. Nyuma ya transfa kuna kifuniko kidogo cha boliti chache. Mwaga oili, kifungue, utaona ncha ya shafti. Ishike, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, na kidole kikitoka na vumbi jekundu kama kutu, hapo ndipo hela yako inahitajika.

Chumvi_ya_Simanjiro:

Wakuu narudi na majibu, wiki mbili baadaye.

Safari ya Dar nilivua kerieri na kwenda spidi 85 ya kweli. Baada ya Same kuelekea Hedaru nilifuata vibao vya kilometa vya pembeni mwa barabara: 20 za vibao, dashibodi ikasoma 19.3, kama alivyosema fundi. Jaribio la klachi nililifanya mara tatu, mlio ulibaki palepale, ni tairi. Mafuta, nikijaza tenki hadi shingoni Arusha na kujaza tena Dar, yametoka 10.1 kwa lita baada ya kurekebisha hesabu. Bila kugusa transfa.

Kwa hiyo ya Discovery nimeiacha. Hizi 285 zikiisha narudi 235/85.

Ila jana nimefungua kile kifuniko. Shafti inacheza hadi unaiona kwa macho, na kitambaa kilitoka chekundu kama nimefuta mlango wa kutu. Oili kwenye yale meno hakuna kabisa.

Fundi_wa_Sakina:

Basi usiipeleke Orkesumet na mzigo tena kabla hujashusha transfa. Meno yakikatika porini gari haisogei hata mita, L wala H. Tafuta gia ya kuingilia mpya yenye tundu la oili, ndiyo ya kwanza kununua. Shafti tutaiangalia ikiwa wazi: kama meno yamebaki na bega, gia mpya itashika sehemu ambayo haijaliwa, kama yamelika yote, gia boksi itafunguliwa. Njoo Jumatatu asubuhi, na uje na mtu wa kusaidia kuishusha, ni nzito.